Glean, gather au garner? Na kwa Kiswahili ni kukusanya, kuokoteza, kudondoa au kuambulia?

Kuna neno moja la Kiingereza linawasumbua watu wanaoandika na kutafsiri na wengi wala hawajui kama linawasumbua, manake wakikutana nalo wanaandika "kukusanya" wanasonga mbele. Neno lenyewe ni glean, linatamkwa gliin, i ndefu. Ukifungua kamusi utakuta maana mbili, ya kwanza kuokota nafaka zilizobaki shambani baada ya wavunaji kupita, ya pili kupata habari au maarifa kidogo kidogo, mara nyingi kwa taabu. Basi. Ila kuna ndugu zake wengi wanaofanana nalo sura na ndo maana nimeona niwaweke hapa pembeni yake mmoja mmoja, ili mtu akiwa anaandika ajue achukue lipi aache lipi.

Nianze na kilichonikuta mimi. Nilipewa ripoti ya utafiti niitafsiri, ripoti ndefu, na katikati huko kulikua na sentensi inasema kwamba mambo yafuatayo were gleaned from conversations with the nurses. Nikaandika "taarifa zifuatazo zilikusanywa kutoka kwa wauguzi", nikaona iko safi kabisa. Siku chache baadae aliyeiandika akanipigia, Kiswahili anakijua vizuri, akaniambia hapana, hizo taarifa sisi hatukuzikusanya, hatukuwauliza wauguzi swali hata moja kuhusu hilo jambo, tulienda kuuliza mambo mengine kabisa, ila katika kuongea huyu akadondosha neno, yule akaguna, mwingine akaanza sentensi akaiacha njiani, na sisi usiku tukakaa kuunganisha. Ukisema zilikusanywa msomaji ataamini tulikua na dodoso mkononi na tuna majibu ya kila mtu. Nilinyamaza kidogo kwenye simu kwa sababu alikua sahihi kabisa, neno langu lilikua limewapa ushahidi ambao hawakua nao.

Tangu hapo kila nikiona glean nasimama kwanza.

Twende shambani maana bila shamba hili neno halieleweki. Wavunaji wanapita na mundu, wanakata mabua, wanafunga miganda, wanaondoka. Nyuma yao chini kunabaki masuke, moja hapa, mawili pale, mengine yamedondokea kwenye visiki vya mabua, mengine yameshakanyagwa. Anayekuja baada ya hapo anainama, anaokota suke moja, anasogea hatua mbili, anainama tena, analishika mkononi na yale mengine mpaka kiganja kijae ndo anatia kwenye mkunjo wa nguo. Hana mundu. Shamba si lake. Na hajui jua likizama atakua na kiasi gani. Hiyo kazi ndo glean, na ukiiangalia vizuri kila kitu ambacho neno linabeba leo kwenye ofisi na magazeti kilishakuwepo pale, mabaki, kimoja kimoja, kuinama, na mtu mwingine kuwa ameshapita mbele yako na mzigo mkubwa.

Wengi picha hii tunaijua kupitia Ruthu. Kwenye sura ya 2 ya kitabu chake Ruthu anamuomba mama mkwe wake Naomi ruhusa aende kondeni, na Biblia ya Kiswahili inasema kuokota masazo, maneno mawili ambayo mpaka leo sijaona tafsiri nzuri kuliko hayo kwa maana ya shambani. Boazi mwenye konde anawaambia vijana wake watoe masuke mengine kwenye miganda wayaache makusudi ili aokote, na jioni Ruthu anapura alichookota anapata kama efa moja (kipimo cha nafaka cha zamani) ya shayiri. Ile haikua huruma ya siku moja tu, kulikua na sheria, Walawi 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni kabisa na inamkataza kurudi kuokota masazo, hayo ni ya maskini na mgeni, na Kumbukumbu la Torati 24 inaongeza kwamba hata mganda uliosahaulika shambani usirudiwe, ni wa mgeni, yatima na mjane.

Huko Ulaya nako ilikuwepo karne nyingi. Kiingereza walilitoa hili neno kwenye Kifaransa cha kale, glener, ambalo kwa Kifaransa cha leo ni glaner. Uingereza vijijini wanawake na watoto ndo walikua wanaingia mashambani baada ya mavuno, na sehemu nyingine kengele ilikua inapigwa asubuhi kufungua na jioni kufunga ili asiwepo wa kumuwahi mwenzie. Mwaka 1788 kwenye kesi ya Steel na Houghton mahakama ikaamua kwamba hakuna haki ya jumla kisheria ya mtu kuokota masazo kwenye shamba la mwingine, ila watu wakaendelea na desturi yao sehemu nyingi tu. Na kama wewe ni mtu wa kuelewa kwa macho, tafuta mchoro wa Mfaransa Jean-François Millet unaoitwa The Gleaners, wa mwaka 1857, uko Paris kwenye makumbusho ya Orsay. Wanawake watatu, wawili wameinama mpaka chini, wa tatu ameinama nusu, na kwa mbali nyuma yao kuna marundo makubwa ya mavuno na watu wengi wanapakia. Yale marundo ya nyuma ni harvest. Wale watatu wa mbele ni glean. Sidhani kama kuna kamusi iliyowahi kueleza vizuri zaidi ya pale.

Sasa tulinganishe.

Glean na gather. Hapa ndo watu wengi wanapotea. Gather ni neno pana, kukusanya kitu chochote kiwe sehemu moja, watu, kuni, mawazo, na kwa asili ni ndugu wa together, kwa hiyo uzito wake uko kwenye matokeo, vitu vilikua vimetawanyika sasa viko pamoja. Glean uzito wake uko kwenye njia, ulivipataje. Ukisema we gathered the facts nasikia kwamba sasa mnazo. Ukisema we gleaned the facts nasikia kwamba hakuna aliyewapa, mlivitafuta kwenye mabaki ya maneno ya watu. Halafu gather ina maana nyingine ya upole, I gather you are leaving, yani "naona unaondoka" au "nasikia unaondoka", hapo mtu ameelewa tu kutokana na ulichosema, hajafanya kazi yoyote, na ukiweka glean pale sentensi inageuka kama vile alikua anakuchunguza. Kwa hiyo ukiwa na mashaka na hujali njia, chukua gather, haitakuangusha.

Glean na collect. Hii ni rahisi. Collect ina mpango, una orodha, una fomu, unajua unataka vitu gani na unapita kuvichukua, data, michango, kodi, sampuli za maji. Kama kabla ya kwenda ulikua unajua utarudi na nini, hiyo ni collect. Kosa langu la wauguzi lilikua hapo hapo, niligeuza glean ikawa collect.

Glean na garner. Haya mawili yanaanza na herufi moja na yote yana harufu ya nafaka so watu wanayabadilishana, lakini kwa asili ni kama watu wawili walioko ncha mbili za shamba. Garner inatoka kwenye neno la Kilatini granarium, ghala la nafaka. Yani garner ni nafaka ikiwa imeshafika ghalani, imejaa, imehifadhiwa. Ndo maana tunasema mgombea garnered votes, filamu ikagarner sifa, na Kiswahili cha magazeti kina neno linalolingana na hilo kabisa, kuzoa. Amezoa kura, timu imezoa medali. Huwezi ku-glean kura. Yani unaweza kuandika lakini itamaanisha mgombea alikua anaokota kura moja moja walizoziacha wengine, na kama ndo unachotaka kusema basi ni sentensi nzuri sana, ila wengi wanaoandika glean support hawakua wanataka kusema hivyo. Kuna wanaotumia garner kwa habari pia, garner information, sio kosa, ila tofauti ibaki kichwani, garner inaleta mzigo, glean inaleta punje.

Harvest na reap ni za mwenye shamba. You reap what you sow, utavuna ulichopanda, na huwezi kuweka glean hapo kwa sababu anayeokota masazo hakupanda yeye. Siku hizi programu zinazopita kwenye mtandao kuchukua anwani za barua pepe kwa maelfu wanaita harvesting, sahihi, ile ni mashine inakata shamba zima, haina kuinama wala kuchagua. Kuna mstari mmoja naupenda kwenye Waamuzi 8 ambapo Gideoni anawatuliza watu wa Efraimu waliokua wamekasirika, anawaambia masazo ya zabibu ya Efraimu ni bora kuliko mavuno ya Abiezeri, yani ukoo wake mwenyewe Gideoni, hapo ameweka glean na harvest uso kwa uso kwenye sentensi moja na wakatulia. Na kitabu hicho hicho sura ya 20 kwenye tafsiri ya Kiingereza ya 1611 wametumia glean kwa askari waliobaki wakikimbia vitani, walifuatwa njiani wakauawa mmoja mmoja. Inatisha lakini inaonyesha kiini cha neno, mabaki, kimoja baada ya kingine.

Infer. Hii inachanganywa na glean hasa kwenye mitihani na insha za chuo. Infer ni kichwa kinaruka kutoka kwenye dalili kwenda kwenye hitimisho. Glean ni mkono unaokota hizo dalili kabla kichwa hakijaruka. Mfano, kuna kikao kimefanyika mlango umefungwa na wewe hukuwepo. Umeona mmoja ametoka na faili jekundu, mwingine kapita bila kusalimia na si kawaida yake, halafu ratiba ya wiki ijayo imebadilishwa kimya kimya. Hivyo vitatu ume-glean. Ukisema "basi mradi umesimamishwa", hapo ume-infer, na unaweza kuwa umekosea wakati vile vitatu bado ni kweli. Wanaotenganisha haya mawili maandishi yao yanaaminika zaidi, msomaji anaona mpaka wapi umeona na wapi umeanza kukisia.

Tubaki kwenye kikao hicho hicho. Kama baadae mtu amekutumia muhtasari wa kikao, huja-glean chochote, umesoma. Kama umepita kwa kila aliyekuwepo ukamuuliza maswali yale yale, ume-collect. Kama umemkalia mmoja mpaka akasema alichokua hataki kusema, hiyo ni extract, kung'oa. Kama ulikua umekaa zako pale nje na ukajikuta tu umesikia jina la mtu, hiyo ni pick up, na pick up ndo ndugu wa karibu kuliko wote kwa lugha ya kawaida ya kuongea, ila pick up inaweza kutokea bila wewe kutaka, mtu anapick up lafudhi, anapick up tabia, hata mafua. Glean inataka uwe umetega sikio. Find out na learn nitazipita haraka, hizo zinamaanisha umefika mwisho, sasa unajua, wakati glean mara nyingi inakuacha na nusu.

Haya, upande wa Kiswahili, na hapa ndo moyo wangu upo kwa sababu nimechoka kusikia watu wanasema Kiswahili hakina neno la glean. Kinayo mengi, tatizo ni kuchagua.

Kukusanya tumeshaliongelea. Litumie kama mwandishi wa Kiingereza mwenyewe alitumia glean kwa mazoea tu, na wapo wengi, hasa kwenye ripoti za biashara ambapo "insights gleaned from data" imekua kama salamu. Mtu ana jedwali lenye mistari milioni na programu inayomchorea grafu halafu anasema ame-glean, hajaokota kitu huyo. Hapo "tuliyoyapata kwenye data" au "data inaonyesha" inatosha na ni ya kweli zaidi.

Kuokota na kuokoteza. Kwa shamba, kuokota masazo, nimeshasema, hapo sina mjadala. Kuokoteza ndo yenye ladha ya kidogo kidogo, unaokota hapa unaokota pale, na kwa maana ya umbo hakuna neno linalofanana na glean kuliko hili. Ila kuwa makini sana. Tukisema habari za kuokoteza au maneno ya kuokoteza, Kiswahili kinasikia habari zisizo na uhakika, mtu ameokota njiani hajui zimetoka kwa nani. Glean ya Kiingereza haina dharau hiyo, inasema habari ni chache na zilikua ngumu kupatikana, haisemi kwamba ni za uongo. Kwa hiyo ukimtafsiri mwanahistoria aliyesema ame-glean maisha ya watu wa kale kutoka kwenye barua zao ukaandika "ameokoteza", umemtukana bila kujua. Weka kuokoteza pale ambapo anayeongea mwenyewe anakiri kwamba alichonacho ni cha hapa na pale, "hii nimeiokoteza tu kwenye mazungumzo, usiitegemee".

Kudondoa. Hili ndo chaguo langu la kwanza kwa kitu chochote kilichoandikwa. Muangalie kuku akidondoa punje kwenye mchanga, hali mchanga, anachagua, mdomo unashuka mahali pamoja panapotakiwa, anainua kichwa, anashuka tena. Neno hilo hilo ndo tunalitumia kwa kutoa vifungu kwenye maandishi, na ndo limetupa dondoo. Yani Kiswahili kilishaunganisha punje na maneno zamani, bila msaada wa mtu. Na wala hatuko peke yetu, Wajerumani kitenzi chao lesen ni kusoma na pia ni kuokota au kuchuma, mavuno ya zabibu wanaita Weinlese, na Kilatini legere nayo ilikua ni kuokota na ni kusoma, neno moja. Kumbe kwa lugha hizo msomaji ni mtu anayepita mstari kwa mstari akiokota. Mimi nikifikiria hivyo naona kudondoa iko nyumbani kabisa, "mambo aliyoyadondoa kwenye barua hizo", hakuna dharau, kuna uangalifu, kuna kimoja kimoja. Udhaifu wake ni mmoja, dondoo siku hizi imezoeleka kama vipengele muhimu vya habari, so msomaji anaweza kudhani umechagua yale makubwa makubwa wakati glean ni kuchukua hata kadogo kalichobaki. Ukiongeza "kidogo kidogo" au "hapa na pale" umemaliza hiyo shida.

Kuambulia. Watu wanalisahau na ni tamu sana. Kuambulia ni kupata kitu kidogo baada ya mahangaiko, na ndugu yake mkubwa ni kuambulia patupu, kutoka bila kitu. Sasa Kiingereza kina mtindo wa kusema little could be gleaned from his answers, au from what little I could glean, na hapo kudondoa inakua kavu, kukusanya ni kosa, ila "majibu yake hatukuambulia kitu cha maana" inasimama yenyewe kama vile iliandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Popote glean inapokuja na little, nothing, not much, what I could, jaribu kuambulia kwanza. Popote inapokuja na kitu kingi, much was gleaned, liache.

Kung'amua na kubaini ni za mwisho wa safari, umeelewa, kwa hiyo ziko karibu na infer kuliko glean, lakini kuna sentensi ambazo mwandishi wa Kiingereza ameandika I gleaned that she was unhappy, imefuatwa na that, na hapo anachosema ni kwamba aliunganisha akaelewa. Hizo ndo mahali pa kung'amua, "niling'amua kwamba hana furaha". Ukiweka kuokoteza pale sentensi inavunjika.

Kuchota, kama kuchota hekima au maarifa, ni nzuri masikioni lakini inamaanisha kisima kimejaa na wewe una ndoo. Kwa mzee aliyekaa na wewe akakufundisha siku nzima, ulichota. Kwa mzee asiyependa kuongea ambaye ndani ya miezi ulimsikia akisema vijineno vitatu, hapo ni glean. Kuchambua ni kazi inayofuata ukishaokota, kutenganisha pumba na punje, sio kuokota kwenyewe. Kuchokonoa kuna kumsumbua mtu, liache kwa waandishi wa habari wanaofukua.

Niiweke sentensi moja uone inavyogeuka. What we know of her childhood was gleaned from old letters. Ukiandika "yalikusanywa kutoka kwenye barua za zamani" msomaji anaona faili. "Yaliokotezwa kwenye barua za zamani", msomaji anaanza kuwa na mashaka kama ni kweli. "Yaling'amuliwa", anadhani kulikua na fumbo. "Tunayoyajua kuhusu utoto wake yamedondolewa kidogo kidogo kwenye barua za zamani", hapo namuona mtu amekaa na karatasi zilizofifia anachukua jina hapa, tarehe pale. Hiyo ya mwisho ndo ningeipeleka mimi.

Vitu vidogo vya sarufi nivimalize. Glean inapenda from, unaglean kitu kutoka kwenye kitu, usiweke of wala in kwa mazoea ya "kwenye" yetu. Unachoglean ni habari, dokezo, maarifa, nafaka, huwezi kuglean mtu kwa Kiingereza cha leo. Wakati uliopita ni gleaned, anayefanya ni gleaner, vilivyookotwa ni gleanings, kwa wingi. Jamaica kuna gazeti linaitwa The Gleaner tangu 1834, mwokota masazo, na kwa kazi ya gazeti sijui kama kuna jina linalofaa kuliko hilo. Usilichanganye na gleam ambalo ni kung'aa, herufi moja tu ya mwisho imebadilika na nimeona kwenye maandishi ya watu wazuri kabisa gleamed information, habari iliyong'aa. Na kwa kuongea, ukiwa na rafiki zako glean inasikika rasmi kidogo, wenyewe wangesema pick up au get, ila kwenye makala, insha, ripoti na barua ya kazi iko mahali pake.

Maana ya shamba nayo haijafa, watu wengine wanaisoma kama neno la kale tu. Mpaka leo kwenye nchi kadhaa kuna vikundi vya kujitolea vinaingia mashambani baada ya mavuno kuokota mboga na matunda ambayo mkulima ameyaacha kwa sababu ya umbo au bei, wanapeleka kwa wenye uhitaji, na kazi hiyo wanaiita gleaning, jina lile lile. Ukikutana nayo kwenye habari kama hizo usiandike "kuvuna" kwa sababu mvunaji ameshapita, andika kuokota masazo, au kama msomaji wako hana mazoea na masazo andika kuokota mazao yaliyoachwa shambani.

Ile sentensi ya wauguzi mwishoni niliiandika hivi, "mambo yafuatayo tuliyadondoa hapa na pale katika mazungumzo na wauguzi, bila kuwauliza moja kwa moja". Ni ndefu kuliko ya Kiingereza na nilijaribu sana kuifupisha ikakataa, maana kila nikitoa "hapa na pale" inarudi kuwa kama dondoo za kikao, na nikitoa "bila kuwauliza" inarudi kuwa dodoso. Mwenye ripoti akaipitisha vile ilivyo.